Homa Zote Tuliziita Malaria

Nimengoja mpaka mkono uweze kuandika ukurasa mmoja bila kupumzika, ndipo nimeanza. Mwanzoni nilikuwa nikiandika mistari minne, vidole vinawaka moto, naweka kalamu chini hadi kesho. Ukiona pahali habari imeruka, jua hapo mkono ulikataa. Mimi si daktari na sitajifanya ninajua dawa. Naandika kwa ajili yako uliyelala hapo ulipo, huwezi kugeuka ubavu, na kila anayeingia mlangoni anakuambia, "Pole, ni malaria tu." Mimi hakuna aliyeniambia kwamba haya hupungua, tena hupungua polepole mno, na kwamba ukichoka kujibu "u hali gani" si dhambi.

Kwetu ni Wenje. Niliolewa huku chini karibu na Garsen, na miaka yangu yote ya ndoa nimelima ukingoni mwa mto, mpunga na mahindi. Mume wangu namwita Baba Zena. Zena ndiye mtoto wetu wa pekee, ameolewa Kipini kwa watu wavuvi. Ugonjwa huu ulipoingia nyumbani, Zena alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minne, na kila mtu alijua kwamba ikifika miezi saba atarudi kwangu. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Hilo halijadiliwi. Mama ndiye wa kumkanda mzazi, wa kumwosha mtoto, wa kupika uji wa pilipili manga kwa siku arobaini. Nilikuwa nimeingoja kazi hiyo tangu siku ya harusi yake.

Masika ya mwaka huo mto ulitoka ukaingia hadi uani. Maji yalipoanza kushuka tukakimbilia kupanda, kwa maana tope la mto halingoji mtu. Ukichelewa wiki mbili limeshapasuka na mbegu haishiki. Siku ya tatu ya kupanda nilihisi kifundo cha mkono kinauma. Nikasema ni kazi. Kufika adhuhuri vifundo vya miguu navyo vimeingia, homa imepanda, na nilipotaka kuinuka pale nilipochutama sikuweza. Nikakaa kwenye tope.

"Mama Zena, umeota mizizi?" Baba Zena akanicheka. Kisha akauona uso wangu, akatupa mti wa kupandia, akanibeba mgongoni hadi nyumbani. Hata nilipokuwa bibi harusi hakunibeba.

Malaria, tulisema. Nani angesema lingine? Sisi watu wa mto kichwa kikiuma ni malaria, mtoto akikataa kula ni malaria, na mzee akigomba ovyo tunasema malaria imempanda kichwani. Nilimeza dawa iliyokuwapo nyumbani. Siku ya nne homa ikashuka, nikamshukuru Mungu, nikangoja maumivu nayo yaende zake. Vikatoka vipele mwili mzima, nikajikuna hadi damu, vikaisha. Maumivu yakabaki.

Nitakueleza asubuhi zilivyokuwa, maana asubuhi ndiyo mbaya. Unaamka vidole vimekunjika na havikunjuki. Unavingoja. Jua linapanda, vinafunguka kidogo kidogo, na kufikia saa nne unaweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Sikuweza kukamua nguo. Sikuweza kufungua chupa ya chai. Sikuweza kusonga ugali, na Baba Zena, mwanamume wa makamo ambaye hajawahi kushika mwiko, akasonga ugali wenye madonge ukubwa wa ngumi, tukaula kimya. Niliswali nimekaa kwenye kigoda, kwa kuwa goti likienda chini halirudi. Jambo lililoniuma kuliko yote ni leso. Nilishindwa kujifunga leso yangu mwenyewe. Kila asubuhi mume wangu alisimama nyuma yangu akanifunga, akikaza sana au akilegeza sana, na hakuna hata siku moja aliyonitania kwa hilo, yeye ambaye hutania hata matangani. Namwekea hesabu njema kwa Mungu.

Tulikwenda kituo cha afya Garsen mara tatu. Kwenda kwa boda ni safari ambayo mtu mwenye viungo vibovu hatakiwi kusimuliwa. Kila shimo la barabara nilikuwa nalijua kwa jina. Mara ya kwanza walinitoa damu kidoleni.

"Hakuna malaria," akasema daktari, binti mdogo tu, mpole.

"Basi kipimo chenu kimeharibika," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na umri wa mama yake, nikaona vyote viwili vinaniruhusu.

Nikapewa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani, na kwa ukaidi wangu nikameza tena dawa ya malaria. Mara ya pili wakapima homa ya matumbo. Haikuwapo. Mara ya tatu benchi lilikuwa limejaa, na hapo ndipo nilipoanza kufumbuka macho. Kila mtu kwenye benchi lile alikuwa amekaa namna moja, mgongo umepinda, mikono mapajani, viganja juu. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kiorma, miguu imevimba hadi ndara hazimwingii, amezishika mkononi.

"Wewe pia iko na hii?" akaniuliza.

"Ninayo. Tangu maji yashuke."

"Mimi, bwana yangu, mama ya bwana yangu. Hata yule nachunga mbuzi. Boma mzima naamka kama wazee." Akacheka, nami nikacheka, tukaumia wote wawili kwa kucheka.

Siku hiyo daktari alitaja jina: chikungunya. Alisema linatoka kwa Wamakonde huko kusini, na maana yake ni kujikunja. Nikasema watu hao wanajua kutaja vitu. Virusi vyake huletwa na mbu, akasema, lakini si yule wa malaria, na dawa ya kuviua hakuna. Ni kupumzika, kunywa maji, dawa za maumivu, na kuvisogeza viungo kidogo kidogo kila siku hata kama vinakataa. "Itachukua muda gani?" nikamuuliza. Akasema wengine wiki, wengine miezi, wengine zaidi. Nilimpenda kwa kutonidanganya, ingawa nilitoka mle nikilia.

Kipupwe kikapita. Mpunga wetu ulipaliliwa na majirani nusu, nusu ukaliwa na magugu. Nikaanza kuweza kushika kijiko. Ndipo siku moja wakaja watu wa utafiti, wanapita nyumba kwa nyumba kuanzia kwetu hadi Kipini, wanataka kujua homa hizi za mbu zimeenea kiasi gani kwa watu wa mtoni. Mwanamke mmoja alichukua damu yetu mkononi. Mwenzake, mwanamume mwembamba, hakutaka damu, alikuwa na upawa mweupe na tochi, anauliza, "Maji mnayaweka wapi?" Akachungulia pipa, akachungulia mtungi, akazunguka nyuma ya jiko. Huko akakawia.

Nyuma ya jiko tunaweka mtumbwi. Ulichongwa na marehemu baba mkwe kwa gogo moja la mwembe. Mafuriko yakija ndio unaovusha watu. Mkono wa mto unaopita kwetu ukikauka, mtumbwi huvutwa juu ukawekwa kivulini na kujazwa maji, kwa sababu mbao ikikauka hupasuka. Kila mwenye mtumbwi kijijini hufanya hivyo. Hakuna aliyewahi kufikiri vingine.

Yule bwana alirudi na upawa umejaa maji, akamwonyesha Baba Zena. Mlikuwa mnacheza viluwiluwi vya mbu, vingi hata maji yakaonekana kuchemka.

"Mzee, hawa ndio wenyewe. Huyu mbu hapendi mto wala tope. Anapenda maji safi, yaliyotulia, karibu na watu. Na anauma mchana."

"Mbu wa mchana?" nikauliza. "Sisi tunalala ndani ya neti kila siku."

"Neti ya usiku haimjui, mama. Wewe unapika hapa, yeye anakuuma hapa."

Nikakumbuka masaa yote niliyokaa kwenye jiko lile, miguu wazi, napiga mbu kwa ncha ya leso bila kuwaza. Yule bwana akasema mtumbwi umwagwe, au ujazwe mchanga ulioloweshwa badala ya maji, mbao isikauke.

"Mtumbwi si kaburi utiwe mchanga," akajibu Baba Zena. "Baba yangu aliujaza maji maisha yake yote."

"Na hakuugua?"

"Aliugua malaria, kama watu wote."

Wakaenda. Mtumbwi ukabaki na maji yake. Tuligombana siku ile kama hatujawahi kugombana, mimi nimekaa kwa kuwa siwezi kusimama na yeye amesimama kwa kuwa hawezi kukaa. Alisema mtumbwi ukipasuka, mafuriko yajayo watu watavuka kwa nini, kwa mdomo wangu? Nilimwambia Zena anakuja. Akasema Zena alizaliwa hapa, akakulia hapa, na mtumbwi upo hapa hapa.

Nikarudi kwa daktari peke yangu, safari hiyo si kwa ajili ya viungo vyangu. Nikamuuliza juu ya mja mzito. Akasema mama akiupata ugonjwa huu siku za karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa nao, na kichanga si mtu mzima, unaweza kumfika pabaya. Sikuuliza zaidi. Njiani kurudi sikuhisi hata mashimo.

Nikampigia Zena simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nikayasahau yote.

"Mwanangu, usije."

"Nisije wapi?"

"Nyumbani. Jifungulie huko huko. Hapa pana mbu, pana ugonjwa, mimi mwenyewe mikono haishiki."

"Mbu?" Akacheka. "Mama, mimi nimezaliwa na mbu. Kwani Kipini hakuna mbu?"

"Hawa ni wengine."

Nilisikia mtu akitwanga huko kwao. "Mama, mke wa shemeji yangu alikwenda kwao kujifungua akakaa miezi minne. Mimi nitamwambia nini mama mkwe? Kwamba kwetu wameniambia niko vizuri huku?" Na kabla sijajibu: "Sema tu umechoka, mama. Nitaelewa."

Nami nilikuwa nimechoka. Huo ndio ukweli ulionifunga mdomo. Nilikuwa nimechoka hata kuomba nieleweke, na sehemu yangu moja, naiandika hapa kwa aibu, ilishukuru kwamba sitahitajiwa kumbeba mtu. Nikasema, "Nimechoka, mwanangu." Akakata simu.

Baba Zena alikuwa ameketi pale mlangoni, amesikia yote. Aliinuka, akaenda nyuma ya jiko, nikasikia maji mengi yakimwagika kwa mpigo mmoja. Kesho yake alimpigia Zena mwenyewe kumwambia mtumbwi umemwagwa, aje. Zena akamjibu, kwa adabu zote, kwamba ameshapangiwa chumba kwa mama mkwe. Tukautia mtumbwi mchanga, lakini mkono wa Baba Zena haukuwa na imani, hakuulowesha ipasavyo, na kabla ya vuli ukapasuka ufa wa kuingiza kidole, tangu nyuma hadi katikati. Alikuwa akiupitia kila siku bila kuutazama.

Vuli ilikuja, barabara ikakatika, na mjukuu wangu akazaliwa Kipini mikononi mwa mwanamke mwingine. Mvulana, salama. Nilipewa habari kwa simu na Bi Maryamu, mama mkwe wake. Nilisema alhamdulillahi mara nyingi, kisha nikageukia ukuta.

Maembe yalipoanza kuiva nikaitwa Garsen kupewa majibu ya damu. Daktari alisema nilikuwa nayo, na hilo nililijua. Nisilolijua ni lile la wengine. Damu za watu wetu zilionyesha alama za homa hii, na za homa nyingine za mbu ambazo hata majina yake sikuyashika, kwa watu wengi kuliko walivyotarajia, watu ambao hawakuwahi kuambiwa chochote. Kwa wengi zilikuwa alama za zamani. Walikwisha kuugua wakapona, wakiita malaria. "Mmekuwa mkiishi nazo," akasema, "bila kujuana." Nilitoka nikiwaza makaburi ya kwetu, na mangapi kati yake tuliyachimba tukiwa na jina lisilo lake.

Wewe unayesoma, ukitoka hapa kamwage kila maji yaliyosimama karibu na jiko lako. Na mgonjwa wako akikuambia viungo vinauma baada ya homa kwisha, mwamini. Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na nitakueleza nilivyolijua.

Kwenye arobaini ya mtoto nikaenda Kipini. Nilikuwa natembea na fimbo na vidole vya mkono wa kulia bado vilikuwa havijakunjuka vyote. Bi Maryamu alinipokea mlangoni.

"Karibu mkwe wangu, pole na ndia. Mzazi yuko ndani. Mjukuu wako ana mato kama yako." Kwao njia ni ndia na macho ni mato.

Zena alikuwa kitandani ananyonyesha. Aliniamkia, nikamwitikia, na kati yetu pakawa na adabu nyingi kuliko inavyotakiwa kati ya mama na mwana. Bi Maryamu, apate kutia maneno mahali penye kimya, akasema watu wa utafiti walifika kwao pia na majibu wameshaleta. Yeye hana kitu. Zena anayo.

Nikamgeukia Bi Maryamu. "Ameipata lini? Akiwa na mimba?"

"Hata. Ya zamani muno, wamesema. Na wamesema ni kheri, aliyekwisha kuugua haugui tena, na kinga yake humfikia mtoto."

Nikakaa kwenye ncha ya kitanda. Basi angeweza kuja. Angeweza kuja na mtumbwi umejaa, na asidhurike. Niligombana na mume wangu, nikamfukuza mwanangu, kwa ajili ya ugonjwa aliokuwa nao mwilini tayari. Nikasema, "Lakini wewe hukuwahi kuugua hivi. Mimi ndiye niliyekulea, ningejua."

Zena hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Niliugua, mama. Darasa la pili, mpunga ulipokuwa unaiva. Homa ilikwisha, ukanipeleka shamba kulinda ndege. Nikakwambia vidole haviwezi kushika kombeo. Ukasema ni uvivu."

Nilitaka kusema sikumbuki. Nilikumbuka. Mwaka ule kwelea walikuwa wengi na sikuwa na mtu mwingine. Kombeo lilikuwa likimwanguka mkononi kila anapolizungusha, na mara ya tatu au ya nne nilikasirika, nikachukua kamba ya mgomba nikalifunga kiganjani mwake ili lisianguke. Aliwarushia ndege udongo hadi magharibi, akilia. Nilimwambia kulia hakufukuzi ndege.

Maumivu yale yale. Nilikuwa nayo mimi, mtu mzima, miezi sita, nikabebwa mgongoni, nikafungwa leso, nikasongewa ugali. Yeye alikuwa na miaka minane.

"Nisamehe, Zena," nikasema. "Sikujua. Nilidhani malaria imekwisha."

Bi Maryamu alitoka, akaurudisha mlango. Zena alimaliza kunyonyesha, akajifunika, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Aliitazama mikono yangu.

"Asubuhi ndiyo mbaya, eeh?" akasema.

"Asubuhi ndiyo mbaya."

"Mimi nilikuwa naiweka chini ya mapaja nikiwa nimekaa darasani, ipate joto."

Akainuka, akamleta mtoto. Nikamwambia siwezi, vidole havishiki, nitamwangusha. Akaikunja mikono yangu mwenyewe, mmoja juu ya mwingine, akamlaza mtoto kwenye viwiko, kichwa begani kwangu.

"Vidole huvihitaji," akasema. "Mpigepige mgongo, acheue."

Nikampigapiga kwa kiganja kilichokunjamana, polepole, na Zena akakaa ubavuni kwangu mpaka mtoto akacheua.